Taa ya tangi la matumbawe Dodoma: boksi la wati 165, taa ya uani au dirisha?

SWALI: Niko Ilazo, Dodoma. Nimetengenezewa tangi la kioo la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 na nataka kufuga matumbawe: laini kwa wingi, na magumu machache baadaye. Muuzaji ananiambia nichukue ile taa ya Kichina ya boksi jeusi ya wati 165. Fundi umeme anasema hizo ni hela za bure, nifunge taa ya LED ya nje ya wati 50, zile za kumulika uani. Jirani naye anasema jua la Dodoma linatosha, nisogeze tangi dirishani. Nimsikilize nani? Na umeme ukikatika, matumbawe hayatakufa?

JIBU: Muuzaji ndiye aliye karibu na ukweli, ingawa sababu yake si sahihi. Boksi jeusi litafaa, lakini kwa tangi lako utaliendesha chini ya nusu ya nguvu yake mwaka mzima. Kama bajeti inaruhusu taa ndogo iliyoundwa kwa ajili ya matumbawe, yenye wati 50 hadi 60 na ratiba yake ndani, hiyo ni bora zaidi. Taa ya uani na dirisha viweke kando, na kila kimoja kina kosa lake.

Tuanze na hizo wati, maana ndizo zinazowachanganya wote watatu. Wati zinakuambia taa inakula umeme kiasi gani, hazikuambii tumbawe linapata nini. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wadogo sana wanaoitwa zuzanthela. Hao ndio wanaotumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo wanampa mwenyeji wao. Rangi zinazonasa mwanga ndani yao ni klorofili a, klorofili c2 na peridinini, na zinafanya kazi vizuri zaidi kwenye mwanga wa urujuani na bluu, kati ya nanomita 400 na 500 hivi. Ndiyo maana taa za matumbawe ni za bluu. Utasikia watu wakisema sababu ni kwamba bluu ndiyo inayopenya maji. Baharini kwenye kina cha mita 15 hoja hiyo ina uzito, lakini tangi lako lina maji ya sentimita 30 na kitu, na hapo hata nyekundu inafika chini karibu yote. Bluu tunaihitaji kwa sababu ya mwani waliomo ndani ya tumbawe.

Kipimo cha mwanga unaofaa kwa usanisinuru huitwa PAR, yaani idadi ya chembe za mwanga zinazotua kwenye eneo fulani kila sekunde, kwa mikromoli kwa mita ya mraba. Jua la saa sita mchana bila mawingu linakaribia 2,000. Matumbawe ya tangini yanaridhika na mwanga mdogo sana kuliko huo. Matumbawe uyoga (Discosoma) yanatosheka na 30 hadi 80. Zoanthus wanapenda 60 hadi 150. Matumbawe laini kama Sinularia na Sarcophyton, pamoja na Euphyllia yenye mikono mirefu, yapange kwenye 80 hadi 150. Kwa magumu, Montipora inataka 150 hadi 250, na Acropora, ambayo nakushauri usiiguse mwaka wa kwanza, inataka 250 hadi 350. Kwa hiyo kwa mpango wako lenga PAR 60 hadi 80 kwenye mchanga, 100 hadi 150 katikati ya miamba, na 200 hivi kileleni ambako utaweka hayo magumu machache.

Kupita kiwango hicho hakuna faida. Usanisinuru hufika kikomo. Ukiongeza mwanga juu ya kikomo, mwani wa ndani huanza kuzalisha oksijeni yenye madhara, nyingi kuliko tumbawe linavyoweza kuidhibiti, na tumbawe huwatoa nje. Huko ndiko kupauka. Mwanga mdogo huua taratibu na unakupa miezi ya kurekebisha, ila mwanga mkubwa wa ghafla unaweza kulimaliza tumbawe ndani ya siku chache.

Sasa jirani yako. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita juu ya kichwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya miezi hiyo liko upande wa kaskazini, kisha linahamia kusini. Dirisha linalotazama kaskazini litamulika tangi mwezi Juni na kuliacha kivulini Desemba. La kusini litafanya kinyume chake. La mashariki au magharibi linapiga mwaka mzima, lakini kwa saa chache na kwa ukali usioweza kuupunguza. Halafu linaongeza joto la maji, na kioo cha upande huo kitavaa mwani wa kijani kila wiki. Weka tangi ukuta usiopigwa na jua, ili mwanga wote uwe chini ya mkono wako.

Taa ya uani ya wati 50 ina mwanga mweupe wa kutosha kuwaweka hai Discosoma na Zoanthus, nisimsingizie fundi. Tatizo lake ni kwamba haipunguzwi ukali, nishati yake nyingi iko kwenye njano na kijani, hivyo matumbawe yataonekana ya kahawia tu, na sehemu kubwa ya mwanga itamwagika ukutani. Hata hayo ningeyavumilia. Nisichovumilia ni usalama. Taa nyingi za bei nafuu za aina hiyo hazina draiva (kifaa kinachobadilisha umeme uwafae LED) inayotenganisha umeme wa ukutani na vipande vya LED. Volti 230 zinazunguka kwenye bati lile lile lililogusana na kava la aluminiamu. Uani, kwenye ukuta mkavu, inastahimili. Juu ya maji ya chumvi yanayorusha matone usiku na mchana, chumvi itaingia na kuila taa, na siku moja utaligusa kava hilo huku mkono mwingine uko ndani ya maji.

Turudi kwenye boksi jeusi. Jina la wati 165 limetokana na hesabu ya dukani: diodi (vitaa vidogo vya LED) 55 mara wati 3. Diodi hizo haziendeshwi kwa wati 3 kila moja, na boksi zima likifunguliwa hadi mwisho hula kama wati 110 hadi 120. Huna haja ya kumwamini mtu, mita yako ya LUKU itakuambia. Zima kila kitu nyumbani, acha taa peke yake, kisha tazama kile kitaa chekundu kinachomweka. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, gawa 3,600 kwa sekunde zinazopita kati ya mmweko mmoja na mwingine. Sekunde 36 ni wati 100. Sekunde 60 ni wati 60. Kama mita yako imeandikwa 1600, gawanya jibu hilo kwa 1.6.

Boksi hilo lina vitufe viwili, kimoja cha diodi za bluu na kimoja cha nyeupe, na kila kundi la diodi lina waya wake wa umeme. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu. La kwanza ni volti: liwe linakubali 220 hadi 240, kwa sababu yapo ya soko la Marekani ya volti 110 ambayo hapa yatalipuka siku ya kwanza. La pili ni lenzi. Lenzi ya nyuzi 90 hutandaza mwanga kwa upana unaokaribia mara mbili ya umbali: ikiwa sentimita 30 juu ya maji, duara la mwanga juu ya maji linakuwa na upana wa sentimita 60 hivi, sawa na urefu wa tangi lako. Ya nyuzi 120 kwa umbali huo huo inatandaza zaidi ya mita moja, maana yake unamulika sebule. La tatu ni kama draiva zinafunguka kwa bisibisi, au zimemiminiwa gundi.

Hilo la tatu kwa mtu wa Dodoma lina uzito kuliko anavyodhani. Taa yenye jina, kwa mfano AI Prime 16HD ya wati 59, ina rangi nyingi zaidi, ratiba ya simu na mwanga uliopimwa vizuri. Moja inalitosha tangi lako kwa matumbawe laini na yale ya kati. (Kessil A80 ya wati 15 ni nzuri sana lakini ni ya tangi dogo, kwa urefu wa sentimita 60 ungehitaji mbili.) Ila taa hizo zikiharibika, unasubiri kipuri kutoka nje. Boksi jeusi draiva ikiungua, fundi elektroniki yeyote anaweza kuibadilisha, mradi ulingane mkondo wa kutoa kwa miliampia na masafa ya volti yaliyoandikwa juu yake. Diodi moja ikifa inaweza kuzima safu nzima kwa sababu zimeungwa mfululizo. Nayo ni kazi ya kuunga kwa risasi, si ya kununua taa mpya. Kama una uwezo wa moja tu na huna mtu wa kukuletea vipuri, chukua boksi. Taa za tyubu za T5 ziache. Hutoa mwanga mzuri mno, lakini tyubu zinatakiwa kubadilishwa kila miezi 9 hadi 12, na hutazipata mjini.

Ifunge hivi. Ining'inize darini kwa waya za chuma zinazorekebishika, au kwenye fremu ya mbao iliyopigwa vanishi, sentimita 25 hadi 30 juu ya maji. Usiibebeshe ukingo wa kioo. Waya wa umeme ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuiingia, ili tone la maji linalofuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Ekstensheni isikae sakafuni chini ya tangi. Hakikisha nyumba ina waya wa ardhi unaofanya kazi kweli, na kwenye sakiti ya tangi fundi aweke kikata umeme cha mkondo unaovuja cha miliampia 30. Mpe kazi hiyo yule yule aliyekushauri taa ya uani. Hapo ujuzi wake una faida.

Tangi jipya, kabla ya matumbawe kuingia, halihitaji taa. Wiki nne hadi sita za mwanzo, wakati bakteria wanajijenga, ukiwasha mwanga wote unalisha mwani tu. Yakishaingia, anza na bluu asilimia 25 na nyeupe asilimia 5. Ongeza bluu kwa asilimia 5 kila wiki, nyeupe kwa asilimia 2 au 3, hadi bluu ifike 40 au 45 na nyeupe 10 hadi 15. Vitufe vya boksi si sahihi sana, kwa hiyo weka alama kwa kalamu pale ulipofika. Tumbawe jipya liwekwe chini kwenye mchanga kwanza, lipandishwe baada ya wiki mbili. Usibadilishe taa na mahali pa tumbawe ndani ya wiki moja, la sivyo likinuna hutajua kipi kilichosababisha.

Muda wa mwanga uwe saa 9 hadi 10 za bluu, na nyeupe saa 5 au 6 katikati yake. Hakuna sheria inayosema lazima uende na jua. Kwa Dodoma ningependekeza bluu iwake saa nane mchana na kuzima saa tano usiku, nyeupe saa kumi jioni hadi saa tatu usiku. Utakuwa nyumbani kuyaona, na kuanzia Oktoba hadi Desemba, nyumba inapochemka mchana, sehemu kubwa ya joto la taa haitaongezeka juu ya joto la dari.

Kuhusu taima: ile ya kuzungusha yenye vipini husimama umeme ukikatika, kisha inaendelea kwa saa zilizochelewa. Baada ya mikatiko michache taa inawaka alfajiri. Nunua ya kidijitali yenye betri ndani, mbili, moja kwa kila waya wa boksi. Kwa taa za programu ya simu, fanya jaribio siku ya kwanza: chomoa, subiri dakika kumi, rudisha. Ikirudi kwenye ratiba yake, sawa. Ikirudi kwa mwanga wa asilimia 100, hiyo si ya kuiacha peke yake ukisafiri.

Gharama ya umeme si ya kukutisha. Wati 60 kwa saa 9 ni yuniti 0.54 kwa siku, kama 16 kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayolipa wewe.

Joto ni habari nyingine. Maji yawe nyuzi 24 hadi 27. Yakikaa juu ya 30, matumbawe hupauka hata chini ya mwanga mzuri. Hapa hewa kavu ya Dodoma inakusaidia kuliko wenzako wa Dar es Salaam: feni ndogo ya volti 12 inayopuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili au tatu, kwa sababu maji yanavukizwa haraka. Usifunike tangi kwa kioo, tumia wavu wa kuzuia samaki kuruka. Lakini kinachovukizwa ni maji matupu, chumvi inabaki. Tangi lako likishapangwa miamba lina lita kama 80 za maji. Ukipoteza lita 2, chumvi inapanda kutoka gramu 35 kwa kilo hadi karibu 36. Rudisha kwa maji yaliyosafishwa na mtambo wa RO (unaochuja maji kwa utando mwembamba), kila siku, kamwe si kwa maji ya chumvi. Usitumie maji ya bomba au kisima. Ya huku mengi yana chumvichumvi na ugumu, na mwani unaotokana nayo watu huusingizia taa. Pima maji ya RO kwa kipimo cha TDS (kinachoonyesha vitu vilivyoyeyuka majini), yasome sifuri au karibu yake. Usiku wa Juni na Julai mambo yanageuka: LED hupasha maji moto kidogo tu, na sebule inapoa mno, kwa hiyo hita ya wati 100 yenye kidhibiti joto si anasa.

Kupima PAR kwa uhakika kunahitaji kipima chake, ambacho ni ghali. Wafugaji watatu wanne wakichangia kimoja kinatosha mji mzima. Programu za lux za simu zitakudanganya. Lux imeundwa kwa jicho la binadamu, linaloona kijani vizuri na bluu vibaya. Kwa jua, gawa lux kwa 54 upate PAR. Kwa bluu tupu ya nanomita 450, PAR moja ni lux kama 7 tu. Mtu akitumia 54 kwenye taa ya bluu ataona mwanga ni hafifu, ataongeza, na atachoma kila kitu. Lux inafaa kwa jambo moja tu, kulinganisha pembe na katikati ya tangi bila kugusa mchanganyiko wa rangi.

Usipokuwa na kipima, soma tumbawe lenyewe. Likipauka upande wa juu tu, huku chini ya kivuli likibaki na rangi, mwanga ni mwingi. Likipauka pote kwa pamoja, tazama kipimajoto kwanza. Likiwa na rangi hafifu bila kufa, na vipimo vya nitrati na fosfati vyote vinasoma sifuri, lina njaa; ongeza chakula cha samaki, usiguse taa. Likigeuka kahawia, au Zoanthus wakirefusha shingo kutafuta mwanga, panda asilimia 5 usubiri wiki mbili. Na kama kila kitu kilikuwa sawa kisha mwanga ukapungua polepole, pangusa lenzi: vumbi la kiangazi likichanganyika na mrusho wa chumvi hutengeneza utando mweupe. Taa ikiwa imezimwa na kupoa, tumia kitambaa laini chenye maji ya RO, kila wiki mbili. Ukishapangusa utando mzito, punguza bluu kwa asilimia 5 au 10 kwanza, maana ghafla umeongeza mwanga.

Matumbawe yenyewe nunua kwa mtu mwenye karatasi. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori, na kujing'olea mwenyewe kwenye miamba ya pwani ni kosa.

Umeme ukikatika, taa ndiyo kitu cha mwisho cha kuhangaikia. Matumbawe yenye afya hukaa siku mbili tatu gizani bila madhara. Baharini nako kuna siku za mawingu na maji machafu. Kinachoua ni maji kusimama na oksijeni kuisha, na hilo linaweza kutokea ndani ya saa chache kukiwa na samaki wengi na joto. Kwa hiyo inveta au betri uliyonayo iendeshe pampu ya kuzungusha maji, na uwe na pampu ya hewa ya betri kabatini. Taa iache izime. Umeme ukirudi baada ya siku mbili, usijaribu kufidia kwa kuwasha saa 14. Endelea na ratiba ile ile, kwa ukali uliopunguzwa kidogo siku ya kwanza. Na kwa kuwa draiva huungua zaidi umeme unaporudi kuliko unapokatika, pitisha taa kwenye kile kilinzi kinachotumika kwa friji, kinachosubiri dakika chache volti zitulie ndipo kiruhusu umeme upite.